Mwalimu Mideva Aliyetaka Kuambiwa

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa mitaa ya Raila na Ayany hapa Kibera, walimu na wanafunzi mliovuka kutoka Kawangware, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawasalimu katika jina la Bwana na inawaomba utulivu, kwa sababu historia hii marehemu mwenyewe aliisikiliza ikisomwa angali hai, mwezi wa nne mwaka huu, na tulipofika mahali tulipoandika kwamba aliugua kwa muda mrefu alitukatiza, akasema huo ni uvivu, ugonjwa utajwe jina na mambo yaelezwe yalivyokuwa, hata kama kuna watakaojikuna kwenye viti vya mbele.

Marehemu Mercyline Mideva Murunga alizaliwa tarehe 3 Mei 1975 huko Sabatia, Kaunti ya Vihiga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Duncan Kegode, seremala, na marehemu Mama Jerida Kageha, na alikuwa na miaka minne familia ilipohamia Kibera kufuata kazi ya baba. Alisoma shule ya msingi hapa Ayany akafanya mtihani wa KCPE wa kumaliza msingi mwaka wa 1989, akarudishwa nyumbani kwa nyanya yake kusoma sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1993 akiwa na C plus, na kwa kuwa karo ya kuendelea haikuwepo alirudi Nairobi, akatandika turubai Soko la Toi na kuanza kuuza viatu vya mitumba.

Ni hapo Toi alipokutana na ndugu Murunga, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Butula, Kaunti ya Busia, ambaye alinunua viatu kwake mara tatu ndani ya mwezi mmoja na vyote havikumtosha, mpaka wenzake sokoni wakamwambia marehemu, "Wewe, huyu hatafuti viatu." Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba 1997, wakaanza maisha kwenye chumba kimoja cha mabati Raila, na Mungu akawajalia watoto wawili, Austin aliyezaliwa mwaka wa 2000 na Hope aliyezaliwa mwaka wa 2009, ambao mnawaona hapa.

Mwaka wa 2001 alipata mteja mwanamke aliyefanya kazi ya kufunga plasta hospitalini, wakawa marafiki, na kwa kumsikiliza mama huyo, marehemu alikata shauri kwamba na yeye atafunga mifupa ya watu, akajiunga na mafunzo mwaka uliofuata huku akiuza viatu wikendi. Mikono yake ilikuwa mizuri tangu siku ya kwanza, lakini karatasi ya mtihani wa maneno ya kitabibu ilimwangusha, akairudia mwaka wa 2003 ikamwangusha tena, maana yalikuwa maneno ya Wagiriki na Walatini yaliyounganishwa vipande vipande, akiyashika jioni asubuhi hayapo. Aliketi kitandani pale Raila akalia, akalia kweli, kisha akaosha uso akamwambia mumewe kwamba kama kichwa kimekataa kuyaweka, basi atayaweka mwilini.

Na ndivyo alivyofanya, jamani, aliyaweka mwilini. Osteo ni mfupa, kwa hiyo akisema osteo anagonga muundi wake, arthro ni kiungo na hapo anakunja goti, myo ni msuli anautunisha mkononi, sarco ni nyama anajibana mkono, chondro ni gegedu akashika sikio, maana sikio halina mfupa, ni gegedu tupu. Hiyo ni mianzo ya maneno, na miisho nayo akaipa zamu yake, itis ni kuvimba na kuwaka moto kwa hiyo anapuliza kama mtu aliyeungua, algia ni maumivu anakunja uso, oma ni uvimbe anafumba ngumi, plasty ni kutengeneza upya anafinyanga kama unga wa chapati. Ukimwambia arthritis alikunja goti akalipuliza, na mwaka wa 2004 alifaulu karatasi ile kwa alama za juu kuliko darasa zima.

Alifanya kazi katika chumba cha plasta cha hospitali moja hapa jijini kuanzia mwaka wa 2005, na mwaka wa 2014 akaajiriwa kufundisha maneno ya mifupa, viungo na misuli katika chuo kidogo cha afya kule Kawangware, kituo cha 46, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jumamosi alifundisha bure mtaani Raila wale walioanguka mitihani kama yeye, watu wazima wamesimama kwenye uchochoro wakigonga miundi na kupuliza magoti, hata majirani wakaamini kuna kanisa jipya limefunguliwa, na mama mmoja akaja kuuliza maombi ni saa ngapi. Risper, ambaye leo anafanya kazi wodi ya mifupa, alikuja akiwa amekata tamaa, akasema, "Mwalimu, mi nimejaribu, hii kitu haiingii," naye akamjibu, "Imekataa kuingia kwa mlango, tutaipitisha dirishani, simama." Hakuwa mtu wa kukubali mtu aseme hawezi akiwa amekaa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 marehemu alianza kuumwa na nyonga ya kulia, akajifunga leso akaendelea kupanda ngazi za chuo, mpaka mwezi wa nane mguu ulipokataa kabisa, akalazwa, akapigwa picha na kukatwa kipande cha kupimwa. Majibu yalipotoka hakupewa yeye. Waliitwa wanaume, kama ilivyo kawaida yetu, wakaambiwa kwenye korido, na kaka mkubwa wa ndugu Murunga, Mzee Wandera, ambaye yuko hapa na anajua tunakuja kwake, akaamua kwa niaba ya ukoo kwamba mgonjwa asijue, moyo wake utapasuka, aambiwe ni baridi ya mifupa. Mzee Wandera alikwenda mbali zaidi, akamshika daktari wa upasuaji, Dkt. Mutanu, akamwambia, "Daktari, mkifika pale kitandani ongeeni ile lugha yenu ya madaktari, huyu mama asielewe kitu." Dkt. Mutanu alisema yeye hafanyi kazi hivyo, lakini alizingirwa na wanaume wazima wanaolia, akaomba apite kwanza wodini na madaktari wanafunzi wake halafu wazungumze.

Sasa Mzee Wandera, kwa miaka yote hiyo, alidhani shemeji yake anafundisha watu kufunga bandeji. Ndugu Murunga alijua vizuri anachofundisha, lakini kwa hofu hakumwambia kaka yake.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Septemba 2022, wanafunzi wamezunguka kitanda, familia imesimama miguuni pa mgonjwa na nyuso za kutengeneza, Dkt. Mutanu akawasomea wanafunzi jina la ugonjwa, chondrosarcoma, na mkono wa marehemu ukaenda wenyewe kwenye sikio, ukashuka ukabana nyama ya mkono wa pili, kisha ukafumba ngumi. Gegedu, nyama, uvimbe. Mzee Wandera akaangalia dari, na marehemu akaitazama ile ngumi yake, akamgeukia mumewe akamuuliza, "Baba Austin, ulijua?" Ndugu Murunga akaangalia sakafu, na marehemu akamwambia daktari, "Endelea, daktari, ila sasa niangalie mimi."

Dkt. Mutanu aliwaondoa wanafunzi, akavuta kiti, akamweleza yeye kwanza, kwamba ni saratani iliyoanzia kwenye gegedu, imeshakula sehemu ya juu ya mfupa wa paja, dawa za kawaida za saratani haziiwezi sana aina hiyo, na njia iliyobaki ni kuutoa mguu wote pale kwenye kiungo cha nyonga. Marehemu aliuliza akibaki nao ataishi muda gani, akaambiwa huenda mwaka usiishe, akauliza ukitolewa je, akaambiwa hakuna ahadi ila kuna miaka, naye akasema miaka ndiyo anayoitaka.

Kikao cha familia kilikaa jioni hiyo na kilikuwa kikali, wengine wakataka apelekwe kwa maombi, wengine kwa mganga wa mifupa, na Mzee Wandera akasema hawezi kumrudisha mke wa ukoo nyumbani nusu, akifa atazikwa vipi. Walimpigia simu kumweleza kwamba wanaendelea kujadiliana, naye akawajibu kwa heshima zote, "Wazee wangu, mguu ni wangu, uchungu ni wangu, na mtoto anayengoja kuingia sekondari ni wangu, nyinyi endeleeni, mkimaliza kikao mtanikuta theatre." Alitia sahihi kwa mkono wake, na akafanyiwa upasuaji tarehe 4 Oktoba 2022. Tuseme na haki ya Mzee Wandera, kwamba hospitali ilipokubali familia iuchukue mguu ule, ni yeye aliyeusafirisha hadi Butula akauzika kwa heshima, na kesho marehemu atalala kando yake.

Miaka aliyoitaka aliipata, na hakuikalia. Januari 2023 alirudi Kawangware kwa magongo, wanafunzi wakataka kumbeba akawafukuza, siku ambayo nguvu zilimwishia katikati ya ngazi aliketi hapohapo akafundisha, darasa limejipanga juu na chini yake na wateja wa saruji wakipita pembeni. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana picha zilionyesha ugonjwa umefika kwenye mapafu, na safari hii ni yeye aliyetuita sebuleni kwake Ayany, walikokuwa wamehamia kutoka Raila, akatuketisha, akasema, "Imefika mapafuni, haitatoka, sitaki kisu tena, na kuanzia leo mtu asiongee na mimi akiangalia sakafu." Tulilia mbele yake, na yeye akalia, na baada ya hapo nyumba ile ilikuwa na amani ambayo hatukuwa nayo tulipokuwa tukificha. Alimaliza kufundisha darasa lake la mwisho mwezi wa nne, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, nyumbani kwake Ayany, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, Mwalimu Mideva alifariki kwa chondrosarcoma iliyoenea mapafuni. Hakurogwa, kama wengine mlivyonong'ona pale Toi, na kama mlikuwa na swali lingine hilo ndilo jibu.

Familia inamshukuru Dkt. Mutanu na wauguzi wote waliomtunza, inawashukuru majirani wa Raila na Ayany waliopika, waliofua na waliolala kwenye viti vyetu wakikesha naye, walimu wenzake na wanafunzi wa Kawangware, akina mama wa Toi, kanisa, na kila mmoja aliyetoa chochote ili safari ya kwenda Butula leo iwezekane.

Shukrani iliyobaki ni ya ndugu Murunga, na inahitaji maelezo kidogo. Mama yake, Mama Nabwire, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alianguka bafuni tarehe 2 mwezi huu akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na alikuwa bado wodini marehemu alipotuacha. Familia iliketi siku iliyofuata, na amini usiamini, tukapatana kwamba Mama asiambiwe, kidonda kibichi, moyo wake ni wa kizee, kila anayekwenda kumwona aseme Mideva amepelekwa Vihiga kupumzika. Siku nne Mama Nabwire alituuliza mbona Mideva hampigii simu kumfafanulia maneno ya madaktari, na siku nne tulimdanganya. Jumanne asubuhi ndugu Murunga aliondoka bila kuaga mtu, akafika wodini, akavuta kiti, akamwangalia mama yake usoni akamwambia.

Mama alipiga ukemi uliosikika hadi wodi ya pili, na sote tulipofika tukikimbia tulimkuta akilia huku amemshika mwanawe kichwa kifuani, moyo wake unapiga, haukupasuka. Mzee Wandera akaanza kueleza kwamba tulikuwa tukimlinda, naye akamnyamazisha kwa mkono, akasema, "Mideva angeniambia siku ileile." Kisha akawaomba madaktari ruhusa ya saa mbili tu, kwa sababu safari ya Butula hataiweza, na ndiye huyo mnayemwona hapa mbele kwenye kiti cha magurudumu, karibu kabisa na jeneza, alipotaka mwenyewe awekwe.

Mama ameambiwa, Mideva. Sasa pumzika kwa amani.