Wiki ya Mwisho ya Mzee Tulia na Bodi ya Watoto Njiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu, Mzee Tulia anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Machi. Naandika kwa furaha, na kwa hofu kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuchukua mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kifaa, uliozoea bodi moja ya kielektroniki na kuuhamishia kwenye bodi nyingine, ndogo kama kiganja, mpaka uamke na kufanya kazi kama uliozaliwa humo. Ameamsha bodi za pampu, za mizani na za lifti. Baada ya kuiamsha ile ya lifti ya jengo letu, alipanda ngazi kwa miguu mwezi mzima, akisema anaijua mno. Jina la utani alilipata kwa sababu bodi ikigoma, sisi hukimbilia kibodi, yeye hutuambia tutulie kwanza.

Wiki hii imetutoa jasho. Kichakataji, chipu iliyo ubongo wa mashine za kuwapa joto watoto njiti, kimeacha kutengenezwa, ikaletwa bodi mpya, na hospitali inasubiri mashine kumi na mbili. Kazi alikabidhiwa mrithi wake, yaani mume wangu wa wiki tano (niwieni radhi, sijachoka kuliandika neno hilo, mume). Kila alipoiwasha, bodi iliandika mistari kwenye skrini, ikafika kwenye mstari wa kipima joto, ikafa. Akaiandika upya programu ya kipima joto, mara nne. Nyumbani chai ilimpoea mkononi, mpenzi wangu. Mzee aliketi nyuma yake akitazama tu. Nikamvuta pembeni nikamwomba amsaidie, siku zinakwisha.

“Mwanangu,” akanijibu, “nikiigusa mimi, Jumatatu mtamwita nani?”

Nilinuna, sifichi. Jumatano mchana ndipo alipomwambia mume wangu sentensi mbili tu: “Mstari wa mwisho ni wa aliyeongea mwisho. Si lazima ndiye aliyekosea.”

Mume wangu akarudi mwanzo kabisa. Kumbe tulinakili maelezo ya bodi ya zamani bila kuyapitia, tukauambia mfumo kwamba una kumbukumbu mara mbili ya iliyopo. Ulitembea vizuri mpaka, zamu ya kipima joto ilipofika, ukakanyaga pasipo na sakafu. Namba moja tu ikabadilishwa, bodi ikaamka, kipima joto kikasoma nyuzi thelathini na sita. Mzee, ambaye tangu harusi yetu alimwita Bwana Harusi tu, akampa mkono: “Hongera, fundi.” Mimi nililia waziwazi.

Hofu haijaniisha. Bodi nyingine inafika Jumatatu, na itabidi tuiamshe wenyewe. Asante, Mzee wetu, kwa kutuacha tuhangaike ungali upo. Nenda nyumbani kwa mama, mlale mpaka jua liwaamshe, na miaka yenu ijayo pamoja iwe mitamu kama hizi wiki zetu tano.