Wapangaji wa Mahindini

Kijiwe chetu ni benchi la kanisa. Walutheri walinunua viti vipya vyenye mito, wakatupa vya zamani, nasi tukaokota kimoja tukakiweka mbele ya kinu cha chakula cha mifugo, pale njia panda, penye jua la asubuhi na ukuta wa kutukinga na upepo wa Wisconsin, ambao ukifika Novemba hauna adabu kabisa. Ndani ya kinu kuna birika kubwa la kahawa. Kahawa ni ya bure, na ukiinywa utaelewa kwa nini. Mimi nimekalia vijiwe vingi enzi za ubaharia, Mombasa, Napoli, Manila, na kote huko nilifukuzwa kwa kuongea sana. Hapa ndipo mahali pekee nilipoambiwa nisogee nikae. Wananiita Tiketi, kwa ajili ya safari hizo. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi yake msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulikuwa unafunguliwa. Kwetu siku hiyo hakuna harusi wala mazishi. Ukifa Ijumaa, utasubiri.

Breki alifika wa mwisho. Jina lake ni Verlyn Tveit, lakini tunamwita Breki kwa sababu akiona kulungu hukanyaga breki papo hapo, hata awe anaongoza msafara wa maiti, na aliwahi kuuongoza. Alikaa bila salamu, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Siagi: Vipi, mzee? Umefiwa?

Breki: Hawatoki.

Injini: Kina nani?

Breki: Kulungu. Wamo mle kwenye mahindi. Nyayo za kuingia nimeziona. Za kutoka, hamna.

Hao wawili nao niwatambulishe. Siagi ni Leroy Haugen, wa ukoo wa watengeneza jibini. Hakuna lawama inayomganda, zote zinateleza. Shamba lake linapakana na la Breki upande wa mashariki. Injini ni Orrin, fundi mstaafu, anayeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilo na nati yake.

Na tatizo la Breki lilikuwa hivi. Tangu majira ya kuchipua, jamaa alikuwa halimi, alikuwa anaandaa karamu. Kando ya msitu alipanda majani ya klova, ya kufungulia hamu. Yakafuata maharage ya soya. Halafu ekari nne za mahindi, ambayo aliyaacha yamesimama wakati majirani wote wameshavuna na kusahau. Mwisho kabisa, tanipu, zile kama figili nene za mviringo, hadi chini ya dirisha la mama yake. Dirisha hilo ndilo lenye kesi. Mama yake, Bibi Hildur, ana miaka themanini na nne na nyonga ya chuma. Amewinda kila Novemba tangu akiwa msichana, na mwaka huu alitangaza kwamba ni wa mwisho, na kwamba miguu haimpeleki tena kwa kulungu. Breki akasema basi, kulungu wataletwa. Akaahidi mbele ya watu, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa. Kulungu wakaja kweli. Wakala klova, wakala soya, wakafika kwenye mahindi, wakahamia.

Injini: Wana chakula, wana dari, wana godoro. Wewe ungetoka?

Mimi: Mimi nilikaa kwa dada yangu miezi minane kwa huduma mbovu kuliko hizo.

Injini: Si uvune tu, wakose pa kujificha?

Breki: Leo Alhamisi? Ukiwashtua sasa hivi, wanahama na hawarudi msimu mzima. Nataka watoke wenyewe, kwa hiari yao, waje dirishani.

Siagi: Mimi nakwambia kosa ni tanipu. Tanipu hainogi mpaka baridi kali iipige. Na hii baridi ya mwaka huu ni ya watoto wa chekechea.

Breki: Najua. Ndiyo maana nilizitia kwenye friza.

Tukatazamana.

Injini: Ulizitia wapi?

Breki: Friza ya Ardis. Niling'oa ndoo mbili, nikazigandisha, asubuhi nikazirudisha ardhini.

Siagi: Ukazipanda upya?

Breki: Zimekaa vizuri tu, huwezi kujua. Ila Ardis alikuta samaki wake wote juu ya mashine ya kufulia.

Mimi: Mkeo alisemaje?

Breki: Bado hajasema. Nasubiri.

Injini: Na kulungu walizionja?

Breki: Alikuja sungura. Akanusa, akaondoka.

Injini akaweka kikombe chini, dalili kwamba sasa mashine inaingia.

Injini: Sikiliza. Unachukua spika mbili kubwa, zile za ukumbi wa maveterani. Unazifunga katikati ya mahindi. Alfajiri ya Jumamosi, unawapigia muziki wa polka. Akodiani tupu! Kulungu gani atalala na akodiani?

Siagi: Mjomba wangu.

Injini: Nimesema kulungu.

Siagi: Na mimi nakwambia mjomba wangu alilala miaka arobaini na akodiani, na aliyekuwa anapiga ni yeye mwenyewe. Polka haifai. Kulungu ni kama mtalii, bwana. Mtalii haingii hoteli tupu. Anataka aone kuna gari nje, kuna mtu anakula dirishani. Weka kulungu wa plastiki kwenye tanipu, ainamishe kichwa kama anayefaidi. Wengine watafuata.

Breki: Tuliweka mwaka juzi.

Siagi: Ikawaje?

Breki: Mama alimpiga.

Mimi: Yule wa plastiki?

Breki: Risasi ya bega, safi kabisa. Nikamwambia, Mama, huyo si wa kweli. Akasema, najua, nilikuwa naipima bunduki.

Tulicheka mpaka mwenye kinu akachungulia dirishani kuona kama kuna aliyepaliwa. Breki hakucheka. Alikuwa anatazama kahawa yake kana kwamba nayo ina nyayo za kuingia tu.

Breki: Nyinyi chekeni. Kila kulungu niliyempata maishani mwangu, Mama ndiye aliyenionyesha aliposimama. Ananishika kichwa hivi, ananigeuza taratibu, ananinong'oneza: pale, kwenye ule mti wenye doa. Nilikuwa sioni kitu, halafu ghafla naona. Sasa ni zamu yangu kumwonyesha, na ninachomwonyesha ni tanipu.

Siagi akamwongezea kahawa kutoka kwenye kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nilihisi ni wajibu wangu kuokoa hali, na nikiwajibika ndipo huharibu.

Mimi: Jamani, tumekosea toka mwanzo. Hao kulungu hawajashiba, wanaogopa. Wanaijua kalenda.

Siagi: Kweli kabisa! Wiki ya mwisho kabla ya msimu huwaoni hata barabarani.

Mimi: Wanaona maduka yametundika makoti ya wawindaji ya rangi ya chungwa, wanaambizana. Sasa dawa ni moja. Tuwaaminishe kwamba msimu umepita.

Injini: Kivipi?

Mimi: Taa za Krismasi.

Siagi alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

Siagi: Taa za Krismasi! Nyumba nzima! Kulungu akichungulia kwenye mahindi, anaona taa, anasema, kumbe ni Desemba, bunduki zimeshafungiwa kabatini, ngoja nikanyooshe miguu!

Injini: Ninazo taa za kumetameta. Tutazifunga mpaka kwenye zizi.

Breki (kwa sauti ya mtu aliyeanza kupona): Ardis ana sanduku zima darini. Na ile nyota kubwa.

Siagi: Na kengele! Tiketi avae joho jekundu la Baba Krismasi, azunguke anacheka ho-ho-ho.

Mimi: Tena nikivaa na pembe kichwani, niwe kama wale kulungu wanaomvutia mkokoteni, ndiyo wataamini kabisa. Natembea polepole kwenye tanipu, nainama, kama nakula...

Wote walikuwa wananitazama kwa huruma.

Breki: Chini ya dirisha la Mama.

Mimi: Futeni la pembe.

Siagi: Ila taa zinabaki?

Breki: Taa zinabaki!

Tulikuwa tumeshagawana kazi, nani ngazi, nani waya, nani wa kwenda kumbembeleza Ardis atoe sanduku (hakuna aliyejitolea), lori la maziwa lilipoegeshwa mbele yetu. Akashuka dereva mpya, mama wa makamo aitwaye Noreen, aliyepewa njia hii wiki hiyo hiyo. Alijaza kikombe chake, akanywa, akakunja uso kama anavyokunja kila mgeni, kisha akatugeukia.

Noreen: Samahanini, nyinyi ni wenyeji. Yule bibi mwenye koti la rangi ya chungwa, anayevuna kwa kombaini kule kwenye shamba lenye mnara wa nafaka, ile silo nyekundu, ni nani? Nimempungia mkono, akanipigia honi.

Silo nyekundu katika njia ile ni moja tu, ya Breki.

Breki: Haiwezekani. Mama hapandi hata ngazi za kanisa. Anapitia mlango wa pembeni.

Injini: Kombaini limewaka? Limewaka lenyewe, bila kusukumwa? Nilijua tu ile beringi niliyomfungia itakubali!

Breki alikuwa ameshatoa simu. Masikio yake yameliwa na matrekta, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti ya kijiji kizima. Iliita muda mrefu. Kisha tukasikia mngurumo, na ndani ya mngurumo, sauti.

Hildur: Sema haraka, nageuza.

Breki: Mama! Uko wapi?

Hildur: Kwenye mahindi yako.

Breki: Umepandaje huko juu?

Hildur: Kwa makalio. Kidato kimoja, napumzika. Kidato kimoja, napumzika. Nilikuja na kahawa yangu.

Breki: Lakini kwa nini, Mama? Keshokutwa ndiyo siku yenyewe! Nilikuandalia!

Mngurumo ukapungua. Alikuwa amesimamisha mashine.

Hildur: Verlyn, mwanangu. Tangu Oktoba nakaa dirishani natazama tanipu. Ni tanipu nzuri. Lakini mimi nilisema miguu hainipeleki, sikusema nataka kuletewa. Mtu anakwenda kuwinda. Haketi kama anasubiri kupakuliwa. Nimekaa nikafikiri, miguu hainipeleki, nini kinanipeleka? Nikaona hiki kidude kina magurudumu manne.

Breki: Na kulungu?

Hildur: Wametoka.

Breki: Wote?

Hildur: Nilipobakiza mistari michache walitoka kwa mpigo, kama watu wa disko taa zikiwashwa. Na yumo dume mmoja, Verlyn.

Sasa sauti ilikuwa ya mtu mwingine, wa zamani sana, mwenye miguu yake yote.

Hildur: Alisimama akanitazama. Mimi juu, yeye chini. Pembe kama kiti cha kubembea. Sijaona kama yule tangu baba yako alipokuwa hai.

Breki alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono ule ule uliokuwa na kikombe, kahawa ikimwagikia magotini, hata hakuhisi.

Breki: Ameelekea wapi, Mama?

Hildur: Mashariki. Wameruka ua wote, wameingia kwenye kichaka cha Leroy.

Siagi alirusha kofia. Alimkumbatia Injini, akambusu Noreen mkono, akacheza hatua tatu za polka peke yake mbele ya lori la maziwa. Kichakani mwake, alitutangazia, kuna kibanda kipya cha kuwindia alichokijenga kwa siri, chenye hita, chenye zulia, chenye kiti cha kuzunguka alichopewa na kinyozi alipostaafu. Hata mkewe hajakanyaga.

Hildur: Nani huyo anayeruka? Ni Leroy?

Siagi akasimama wima. Akaiokota kofia yake, akaishika kifuani, mbele ya simu.

Siagi: Ni mimi, Bibi Hildur. Shikamoo.

Hildur: Ile soya yako nyuma ya kichaka hukuivuna. Usidhani sioni, dirisha langu linatazama huko.

Breki: Siagi! Si ulituambia umevuna?

Siagi: Nilisema nimevuna. Sikusema yote.

Hildur: Umefanya vizuri. Wakiwa na soya hawatoki hapo mpaka Jumamosi. Hicho kibanda kina ngazi?

Siagi: Hakina, Bibi. Niliweka ubao wa mteremko, wa kuingizia hita.

Hildur: Siku ya ubatizo wako, nani alikubeba mpaka madhabahuni?

Siagi: Ni wewe, Bibi.

Hildur: Na ulinifanya nini?

Siagi alitutazama mmoja mmoja, akitafuta msaada. Hatukuwa nao.

Siagi: Nilikukojolea, Bibi.

Hildur: Gauni la hariri. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mlangoni na bunduki yangu. Hita iwe imeshapata moto.

Siagi: Karibu sana, Bibi. Ila tu, nilitaka kusema... mle ndani kiti ni kimoja.

Hildur: Najua. Nimesikia kinazunguka.