Aliyeuvujisha Mwisho wa "Wapangaji Saba"

Ndugu waombolezaji, Pronabesh Bagchi alizaliwa tarehe 3 Februari 1931 mjini Krishnanagar, kifungua mimba wa mwalimu Horonath Bagchi, na miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake Akhilesh, ambaye ndiye anayewasomea haya, na ambaye utoto wake wote alivaa mashati aliyoyachoka kaka yake.

Alimaliza shule mwaka 1948 akiwa wa kwanza darasani (Akhilesh, kwa wale wasiochoka kuuliza, alikuwa wa tisa), akahamia Kolkata, akawa karani wa kampuni ya juti, nyuzi za kufumia magunia, kuanzia 1952 hadi 1986. Tarehe 9 Desemba 1957 alimwoa Shorojini, msichana ambaye Akhilesh ndiye aliyetangulia kumsifia nyumbani, wakajaliwa binti mmoja, Mitali.

Mwaka 1964 aliandika "Wapangaji Saba", hadithi ya mauaji juu ya mauaji katika nyumba moja ya mtaa wa Shyambazar, ikachapwa gazetini sura kwa sura, na kijiwe cha chai mtaani kikawa hakilali kwa ubishi, "Akhilesh, we si mdogo wake bwana, tudokezee basi muuaji!" Jamani, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Akhilesh alikonda. Wiki moja kabla ya toleo la sikukuu ya mungu wa kike Durga, lenye sura ya mwisho, alipekua mswada mezani kwa kaka yake, akaenda kijiweni kutangaza, "Ni daktari! Msihangaike kununua."

Pronabesh alipoambiwa hakugomba, alikwenda kwenye mtambo wa uchapaji, akaiandika upya sura ile palepale, na toleo lilipotoka muuaji alikuwa mdogo wa mwenye nyumba, aliyechoka kuitwa mdogo wa fulani. Bengal nzima ilishangaa mwandishi ameujuaje moyo wa namna ile. Akhilesh alijua, na kwa miaka ishirini na tano hakuomba radhi.

Marehemu aliugua figo Machi 1989, na siku moja kitandani akacheka, akasema, "Akhu, usingebwabwaja, kitabu kile kingekuwa cha kawaida tu," akafariki tarehe 21 Oktoba.

Tunawashukuru madaktari, ambao Akhilesh aliwahi kumsingizia mwenzao, majirani, makarani wenzake, na ninyi mliojaa hapa hadi mlangoni, kiasi kwamba hata leo Akhilesh anamwonea wivu.

Pumzika kwa amani, kaka. Nisamehe.