Mzee Amissi, Aliyengoja Simu ya Kufika

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuuza tiketi za ndege, Mzee Amissi anastaafu leo, tarehe 31 Machi 2005. Patroni wetu, mwenye ajansi hii ya tiketi, Bwana Népomuscène, ameomba niandike mimi, Mama Gélase, ninayepika chai na kusafisha hapa ajansi. Shule yangu iliishia chini, basi mtanivumilia.

Mzee Amissi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura. Alianza kazi wakati tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi chenye wino mwekundu nyuma. Wino ule ulishika vidole na mikono ya shati, na mke wake, Bi Mwantum, alisugua mpaka akachoka, akaanza kumnunulia mashati ya kahawia tu. Alikuja kazini kwa miguu, hata zile asubuhi ambazo mji ulinyamaza na sisi wengine tukaogopa kufungua mlango.

Vita ilipoanza hapa Burundi, alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kabla ya kuuza tiketi ya kurudi Bujumbura aliuliza: ukitua, nani anakupokea? Utalala wapi? Tiketi ya ndege ya kutua jioni alikataa kabisa kuiuza, kwa sababu barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa inafungwa mapema, na anayechelewa analala kulekule. Halafu alingoja simu. Kwake yeye, tiketi haikuisha mpaka msafiri apige kutoka nyumbani na kusema amefika.

Wengine alikuwa anawachosha. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alimwambia mbele ya watu wote: “We Amissi, unauza tiketi ao unatafuta kunioa?” Mzee akajibu: “Kukuoa apana, bwana, unakula sana. Sema tu nani anakupokea.” Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha ikaja intaneti. Kampuni za ndege zikaanza kuuza tiketi kwa bei ya chini huko ndani ya kompyuta, na wateja wetu wakahamia kwenye vyumba vya intaneti. Mzee alikwenda kuangalia mwenyewe. Aliporudi alisema: “Iko muzuri, na bei ni muzuri. Lakini haiulizi kitu.” Na mteja aliyenunua huko, alimnunia.

Mwaka jana jambo hilo liliingia nyumbani kwangu. Mwanangu Gélase alikimbilia Nairobi mwaka 1996, na tangu hapo sikuwa nimemwona, bei ya ndege ilitushinda. Siku moja akapiga simu hapa ofisini: “Mama, nimepata tiketi kwa intaneti, nusu bei. Nakuja!” Nililia kwa furaha. Halafu akanitajia saa ya kutua, na Mzee Amissi akaweka kikombe chini. Ilikuwa jioni, karibu sana na saa ya kufunga barabara. Akataka tuibadilishe, lakini tiketi za namna ile hazibadilishwi: unaruka siku hiyo ao unaipoteza. Kumwambia mtoto asije, sikuweza. Kumwambia aje, moyo ulikataa.

Siku yenyewe habari ikaja kwamba ndege imekwama Kigali, itachelewa. Nilibaki nimesimama na ufagio mkononi. Ajansi haikupata hata faranga moja kwenye tiketi ile. Mzee alichukua termosi yangu ya chai, akachukua kitenge changu kwenye kiti, akampigia jirani yake Massoudi, mwenye gereji, amkimbize uwanjani kabla barabara haijafungwa. Mlangoni akageuka: “Mama Gélase, rudi nyumbani Kanyosha, ukae karibu na simu ya jirani yako. Tiketi si yangu, lakini mutoto ni wetu.”

Usiku simu ya jirani ililia, nikasikia sauti ya Mzee: “Huyu hapa. Chai yote amekunywa, mi ameniachia kifuniko.” Walilala kwenye viti vya uwanja. Asubuhi pikapu ya Massoudi ikasimama mbele ya nyumba yangu, mwanangu ndani, na Mzee Amissi amejifunga kitenge changu juu ya koti. Gélase, kwa aibu, alianza kuomba msamaha kwa kununua kwingine. Mzee alimkatiza: “Apana, mwanangu. Miaka yote hii bei yangu ilishindwa kukuleta. Ile mashine imekufikisha uwanjani, tuishukuru. Kufika kwa mama ni kazi ingine.” Ndipo akaomba simu ya jirani, akaipigia ofisi kusema wamefika.

Tangu siku hiyo hakumnunia tena mtu aliyenunua kwa intaneti. Alimpa kiti, akamuuliza maswali yake yaleyale, bure, na akangoja simu yake kama ya wengine.

Kuanzia kesho kompyuta itakaa kwenye meza yake, na sisi pia tutauza kwa njia hiyo. Nina wasiwasi, siwezi kuficha. Ila nimemwambia Patroni kwamba maswali ya Mzee nitayauliza mimi, nikileta chai.

Mzee Amissi, asante kwa watoto wetu wote uliowangojea. Mungu akupe wewe na Bi Mwantum afya na usingizi wa amani. Na leo ukitoka hapa, hata kama Buyenzi ni karibu na unatembea kwa miguu, ukifika nyumbani tupigie. Hatufungi ofisi mpaka simu ilie.