Onesphory, Aliyetusema kwa Vitabu

Waheshimiwa mapadre, viongozi wa jumuiya, majirani wa Mchafukoge na wa Mchikichini, ndugu, jamaa na marafiki, familia imempa Agnesi, mdogo wa kike wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, ameombwa asome yaliyoandikwa tu na asiongeze la kwake, naye akakubali sharti hilo bila shida, kwa kuwa aliyeandika ni yeye mwenyewe.

Marehemu Onesphory Lwechungura alizaliwa tarehe 9 Februari 1954, huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Leonsi na Mama Paskazia, na inasemekana siku ya ubatizo alilia tangu mlangoni mwa kanisa mpaka padre alipofungua kitabu, hapo akanyamaza, kitabu kilipofungwa akaendelea alipoishia, habari ambayo mama yetu aliisimulia kila Krismasi, na sisi wengine sita, tuliolia kama watoto wa kawaida, tulishachoka kuisikia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari mjini Bukoba kuanzia 1969 hadi 1972, ambako alipewa ukiranja wa maktaba, akavuliwa muhula wa pili, kwa sababu mwanafunzi alikuwa akienda kuazima kitabu cha hesabu anatoka na kitabu cha toba, na alipoulizwa na mwalimu alijibu kwa adabu zote kwamba amemtazama yule kijana usoni, na shida yake si hesabu.

Mwaka 1974 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akafanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, tarehe 1 Juni 1992 alifungua duka lake la vitabu vya Kikristo pale Mchafukoge, katika ushoroba wa jengo la Bwana Ravindra, kati ya duka la vitambaa la Bwana Ravindra mwenyewe na duka la udi na manukato la rafiki yake mkubwa, Mzee Hamud, kwa hiyo vitabu vyake vyote vilinukia udi, na wateja wengine walidhani ndiyo harufu ya utakatifu.

Mnaolijua duka hilo mnajua kwamba pale hununui kitabu, unapimwa kama kwa daktari, maana ukisema unataka kitabu cha kusoma na familia, marehemu alikuvutia kigoda, akakuuliza nyumbani mko wangapi, nani anasinzia wa kwanza, mnagombania nini, mama mkwe anakaa nanyi au anakuja na kuondoka, na ukijifanya huna ugomvi wowote nyumbani alikwambia nenda kwanza ukakumbuke, halafu urudi. Akisharidhika alivuta kitabu kimoja tu, akaandika kwa penseli ndani ya jalada nani wa nyumba hiyo azingatie sura ipi, akakufungia kwa gazeti, na huo ulikuwa ndio mwisho wa habari, hata ungelilia kile chenye picha nzuri.

Tarehe 20 Oktoba 1979 marehemu alifunga ndoa takatifu na Fortunata, ambaye leo ni mjane wake na amekaa hapa mbele, baada ya uchumba uliokaribia kuvunjika mwezi wa kwanza tu, kwani posa ilitanguliwa na kitabu juu ya unyenyekevu wa mke, naye Fortunata akakirudisha kwa mshenga akiwa amekunja ukurasa unaohusu wajibu wa mume. Marehemu alisema hapo ndipo alipojua kwamba amepata mtu. Wakajaliwa watoto wawili, Candida, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1981, na Robert, aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1984.

Nyumbani kwao Mchikichini, kila jioni baada ya chakula, kulikuwa na kusoma, wote mkekani na marehemu kwenye kiti, na hakuna kitabu kilichoingia dukani kabla ya kusomwa pale, na mtahini alikuwa Fortunata, ambaye muda huo huchambua mchele wa kesho kwenye ungo, mikono yake ikiendelea kuchambua basi kitabu kimeanguka mtihani, ikisimama kitabu kimefaulu, na ndiyo maana katika nyumba ile kila kilipopatikana kitabu kizuri, kesho yake mchana tulitafuna mawe.

Sasa, ndugu zangu, marehemu hatuwezi kumsifu akawa malaika, kosa lake analijua kila aliyewahi kulala nyumba ile, nalo ni kwamba kaka yetu hakuweza kumwambia mtu jambo usoni, alimtafutia kitabu. Fortunata aliponunua doti mbili za vitenge mwezi mmoja, jioni kilifunguliwa kitabu juu ya anasa, mke wake akakisikiliza chote kwa utulivu, kesho akaenda kununua doti ya tatu ya kuvaa wakati wa kusoma. Mwaka 1997 dada yake Agnesi alikuja mjini kutibiwa meno kwa wiki mbili, matibabu yakachukua miezi minane, na katikati ya matibabu hayo marehemu alileta kitabu juu ya ulafi, sura kumi na nne, akakisoma polepole, huku akinyanyua macho kila nukta, na familia inaomba ieleweke kwamba mtu mwenye meno mabovu hutafuna taratibu, ndiyo maana huonekana anakula muda mrefu kuliko wenzake. Ilifika mahali marehemu akiingia na kitabu kipya, watu hawaulizi kinahusu nini, wanaulizana nani kafanya nini.

Kitabu kilichotuumiza kilikuwa cha mwaka 2001, Robert akiwa na miaka kumi na sita, alipoacha shule akaenda kuuza viatu vya mitumba pale sokoni Mchikichini, na baba yake, badala ya kumwita wakae waongee, akaleta kitabu kinene kuhusu kijana aliyeacha shule na yaliyompata, nayo yalikuwa mengi jamani, kuanzia njaa mpaka kuumwa na mbwa. Jioni ya tatu, sura ya tatu, Robert akasimama, akasema mbele ya wote kwamba kama baba ana neno naye amwambie yeye, amwache mwandishi wa watu apumzike, akatoka nje, na tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye kusoma. Hakumkosea baba yake adabu, shikamoo alitoa, chakula alikula, alipohamia Kigamboni mwaka 2006 alikuwa akija kila mwezi na mfuko wa samaki, lakini kitabu kikifunguliwa tu, utamsikia anakumbuka kuwahi pantoni.

Marehemu aliumia, tena sana, dukani aliwachagulia watu wa mji mzima vitabu vya kuwakalisha pamoja, na wake mwenyewe hakai, na kwenye mkeka pale nafasi ya Robert hakuruhusu mtu aikalie, hata wageni. Aliomba novena, aliagiza misa, alimwambia kila mtu kwamba hataki kingine maishani ila Robert akae, kila mtu isipokuwa Robert. Kwa Robert alituma vitabu.

Mbebaji alikuwa Mzee Hamud, ambaye kila Jumamosi huvuka kwa pantoni pale Magogoni kwenda Kigamboni kumwona binti yake Hind, na kwa miaka kumi na minane, jamani, miaka kumi na minane, alivusha vitabu juu ya utii kwenda, na Robert akavirudisha bila kuvifungua, pamoja na jozi ya viatu vya kumpa baba yake juu yake, viatu ambavyo marehemu alivivaa vyote, na shukrani yake ikawa kitabu juu ya ubatili wa mavazi. Mzee Hamud alivumilia mpaka siku abiria mmoja alipomwona na furushi lake akamwita mchungaji na kumwomba amwombee mgongo, akaja dukani amefura, akamwambia marehemu kwamba kanzu hii ameshonewa ya kwenda msikitini, na kama yeye na mwanawe wana dini basi wahurumie ya mwenzao, lakini Jumamosi iliyofuata alibeba tena, Mungu amlipe.

Oktoba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua moyo umepanuka, wakampa dawa na kumkataza chumvi, ngazi na hasira, akaacha chumvi. Robert alipopata habari hakutuma viatu, alimpa Mzee Hamud hela ya kitabu na maelezo ya kukariri, naye, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, akaketi kwenye kigoda cha dukani kama mteja, akasema anatafutia kitabu nyumba moja ya Kikristo anayoijua, ambayo mzee wake ni mtu mwema, isipokuwa ana kitu moyoni cha kumwambia mwanawe na kinywa kinakuwa kizito.

Marehemu hakushtuka hata kidogo, aliuliza maswali yake yote, mzee huyo ana umri gani, mtoto yuko mbali kiasi gani, nani kati yao alinyamaza wa kwanza, akatikisa kichwa, akasema huyo mzee ana kazi, tena asipoangalia atakufa na kiburi chake, akavuta kitabu, akaandika kwa penseli kwamba mwenye nyumba asome sura ya nne, mara mbili, bila kutafuta mwingine wa kumsingizia. Jumamosi Mzee Hamud akavuka nacho, jioni akarudi nacho, akakiweka mezani na kusema kimetoka kwa Robert, cha baba. Marehemu alifungua jalada, akakuta mwandiko wake.

Bwana Ravindra ni shahidi, siku ile duka lilifungwa bila salamu, na Fortunata anasema mumewe alisoma sura ya nne mara mbili kama alivyoagizwa na mwenye duka, halafu akalia, akasema ameuza dawa kwa watu miaka thelathini na miwili, hajawahi kuimeza.

Tarehe 8 Machi 2025, Jumamosi, marehemu alivuka Magogoni na Mzee Hamud, mikono mitupu, hata Robert alipomwona mlangoni bila kitabu alidhani kuna msiba, akamshika mkono kumkalisha, lakini marehemu alikataa kukaa kabla hajasema, akasema akiwa amesimama, huku anahema, kwamba mwaka ule alikosea, kwamba hakuwa na hasira bali aliogopa mwanawe atapotea, akashindwa kusema naogopa, akasoma kitabu. Robert alimjibu kwamba angeambiwa hivyo siku ile, na viatu angeuza, na mkekani angekaa. Wakalia wote wawili, Mzee Hamud naye akalia, ingawa yeye anasisitiza ni upepo wa pantoni.

Robert alikubali kuja kusoma kila Jumapili kwa sharti moja, kwamba kitabu achague yeye, na kisimseme mtu. Tarehe 16 Machi akaja na kitabu cha watoto, chenye picha na kurasa nyingi, kuhusu punda aliyebeba mawe ya kujengea kanisa kijijini, baba yake akakipokea, akakipapasa, akakirudisha bila neno, na tunaomba mjue kujizuia huko kulimgharimu kiasi gani mtu yule. Agnesi aliuliza kama punda ni yeye, akahakikishiwa si yeye. Robert alianza kusoma kwa kusimama mlangoni, Jumapili zilizofuata akaegemea ukuta, marehemu akimtazama na kutazama ile nafasi mkekani, na sote tuliona jinsi midomo yake ilivyokuwa ikimwasha.

Julai hali ilibadilika, akalazwa, na Jumapili tarehe 10 Agosti Robert alikwenda na kile kitabu chake cha punda wodini, akasoma, kengele ya wageni ikalia kukiwa kumebaki kurasa kumi na moja, na marehemu akasema, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba zilizobaki asizisomee hospitali, azipeleke nyumbani, na akifika, tafadhali mwanangu, ukae. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na vitabu ambavyo hatujui mtauziwa na nani, maana hakuna mwingine anayejua maswali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kuchaguliwa vitabu, majirani wa Mchikichini kwa maturubai, viti na masufuria, Bwana Ravindra na mkewe Bhagwati, ambao wamefunga duka siku mbili, wenzake wa zamani wa uchapaji, wanajumuiya kwa sala, na Mzee Hamud, ambaye leo amevuka bila mzigo na anasema mabega yanamshangaa.

Mwisho, familia inawajulisha ndugu wote kwamba jana jioni, baada ya chakula, Robert alichukua kitabu akazisoma zile kurasa kumi na moja mpaka neno la mwisho, hakusimama mlangoni wala hakuegemea ukuta, na mama yake alipomwonyesha nafasi yake alivua viatu. Pumzika kwa amani, kaka yangu, Robert amekaa.