Nusu Saa ya Chumba cha Mashuka

Bibi Tiarma, binti wa ukoo wa Manalu, mkunga wa wodi ya wazazi, amestaafu tarehe 31 Machi baada ya kutumika miaka thelathini na minne na miezi miwili katika hospitali yetu ya misheni ya Dolok Marsada. Muda wake wa kustaafu ulikuwa haujafika. Alibakiza miaka mitatu, na sababu ya kutoimaliza ninaijua vizuri, kwa kuwa nimo ndani yake. Mhariri wa jarida hili aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nitajitahidi.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitokea ng'ambo ya ziwa, kisiwani Samosir, na sanduku la mbao na sauti ya pili ambayo kwaya ya wafanyakazi haijapata nyingine kama hiyo. Wodi ilikuwa na vitanda sita. Umeme ulikuja ukijisikia. Wauguzi wa leo hawajui kuzalisha kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na mume wa mzazi, tena mume mwenyewe anapepesuka karibu aanguke. Yeye anajua. Baadhi ya watoto aliowapokea sasa ni wauguzi humu humu ndani, na wanachelewa kazini kama wenzao.

Kwetu watu wawili hawazungumzi wakaelewana kabla ya kuulizana ukoo, ili ijulikane nani amwite nani nani. Bibi Tiarma hakumsamehe mtu utaratibu huo, hata uchungu ukiwa umekaza. Mwaka mmoja aliletwa mwanamke wa sokoni, muuza samaki, akimtukana kila aliyevaa nguo nyeupe.

"Toa mkono wako hapo, mchawi wewe!"

"Nautoa. Baba yako wa ukoo gani?"

"Manalu! Baba yangu anakuhusu nini?"

"Basi mimi ni shangazi yako. Haya, endelea kutukana."

Yule mwanamke alinywea. Muda uliobaki alisukuma huku akilia, "Nisamehe shangazi, nisamehe shangazi," mpaka mtoto akatoka. Tangu siku hiyo hospitali nzima ikamwita Shangazi, pamoja na mganga mkuu, ambaye kwa hesabu ya koo zetu alipaswa kumwita binti yake.

Sasa nifike kwenye chumba cha mashuka.

Kila siku ya zamu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Shangazi aliingia katika chumba kile kidogo kilicho mwisho wa ukumbi, akafunga mlango, akatoka saa kumi na mbili kamili. Muda ulikuwa wake, si wa kazi. Tulijua anasali. Tulimtania hata hivyo. Wapishi walisema ana godoro mle. Mimi, ambaye ndiye muuguzi mkuu na ambaye ulimi wangu mnaujua, nilisema Shangazi husali kwa mkoromo.

Msomaji aelewe tulivyo. Sisi ni watu wa kusali. Tunasali kabla ya mkutano, baada ya mkutano, na katikati ukichacha. Kwenye karamu zetu samaki hupoa mezani wakati mzee wa kanisa bado anaomba mvua ya mwaka kesho. Kila asubuhi saa moja kasoro robo wafanyakazi wote tunasimama ukumbini, tunaimba kwa sauti nne, mtu anaomba, tunasema amina, tunakwenda kwenye kahawa. Mtu aliyezaliwa katikati ya sala nyingi namna hiyo ni rahisi sana asimwone anayesali. Ndivyo ilivyonipata.

Miaka miwili iliyopita tulipata kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa, na mahali pa kuziweka hapakuwepo. Nilichagua chumba cha mashuka. Mashuka yakahamia kwenye makabati ya ukumbini, mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Shangazi alikuja kuuliza, kwa upole wake.

"Mama Togu, nusu saa tu. Sitagusa mashine."

"Shangazi, si tunasali wote saa moja kasoro robo? Mungu ni yuleyule."

Alicheka. "Ni yuleyule, mwanangu. Mimi ndiye si yuleyule."

Niliona ni maneno ya utani, nikayasimulia kwenye kahawa, watu wakacheka. Yananichoma mpaka leo.

Alijaribu chumba cha kufulia, lakini mashine zilianza kunguruma saa kumi na moja. Alijaribu jikoni, wapishi wakamtaka habari za mjini. Kwenye nyumba ya wauguzi alilala chumba kimoja na wanafunzi watatu, na mnawajua wanafunzi. Baada ya miezi michache aliacha kutafuta. Nikasema, unaona, amezoea.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mzazi mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Shangazi alikuwa amewashughulikia wa namna hiyo maisha yake yote. Safari hii alitoka akaegemea ukuta, mikono inatetemeka, akaniita niingie mimi. Yule mama alipona, daktari alikuwa karibu. Wiki iliyofuata Shangazi aliomba ahamishiwe dirisha la kadi, na Januari akaniletea barua ya kustaafu yenye mistari miwili.

"Umechoka, Shangazi?"

"Sijachoka. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Damu."

Nilidhani ananitania. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliitwa kwenye kazi hii nikiwa na moyo wa kuku, Mama Togu. Ndiyo maana nilikuwa naingia mle. Nasoma aya moja, ileile mwezi mzima. Nakaa kimya mpaka moyo ule utulie. Halafu namtajia Bwana kitanda kimoja kimoja, na wewe nakutaja. Nikitoka, ninayo nguvu ya siku ile. Ya siku ile tu. Ya akiba sikupewa hata mara moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mkunga anaogopa damu? Ungenipeleka jikoni siku hiyohiyo."

Ni kweli, ningempeleka. Na tungekosa miaka thelathini na minne ya mikono ile, ambayo tuliisifu kwamba haitetemeki, kana kwamba amezaliwa nayo hivyo. Kila alfajiri alikuwa akienda kuiomba, na mimi nikamfungia kisima.

Kompyuta nilizihamishia ofisini kwangu wiki ileile, mashuka yakarudi mahali pake. Nilimsihi abaki. Alikuwa amekwisha kumwahidi dada yake aliyepooza kule kisiwani kwamba atakwenda kumuuguza, na Shangazi akiahidi hageuki. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa damu Togu hajanipa bado, huyu amemtangulia.

Tulimuaga Ijumaa iliyopita. Tulikula samaki wa ziwani kwa pilipili ya kwetu ile inayotia ulimi ganzi, na sala, mtashangaa, zilikuwa fupi. Tulimvika mabegani ulosi, kitambaa chetu cha kufumwa, kama tunavyomvika tunayemtakia baraka. Kisha ikafika zamu yangu kumwekea mchele utosini, ule wa kumtia mtu nguvu ya roho, huku watu wakipaza "Horas!" mara tatu, salamu yetu ya kutakiana uzima. Nusu ya mchele nikaumwaga sakafuni. Alizichukua punje zilizobaki kwenye nywele zake, akanyoosha mkono, akaziweka kichwani kwangu mimi.

"Horas, Mama Togu," alisema taratibu. "Wewe ndiye unayebaki."

Nilimpa ufunguo wa chumba kama ukumbusho. Akaurudisha kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na wazazi ambao mpaka jana walikuwa wakikuulizia dirishani, asante. Ile miaka mitatu ilikuwa yako, na ilikuwa yao, na mimi ndiye niliyewanyima. Nisamehe shangazi, nisamehe shangazi. Maisha yako kule kisiwani yawe mema, na alfajiri zako ziwe na utulivu wote tuliokupunguzia hapa.

Kufuli tumeling'oa. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, niliingia mle, nikakaa juu ya mashuka, nikafunga mlango. Sikujua pa kuanzia. Nikaanza na kitanda cha kwanza.