Mwenye Mlango Awe Karibu

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi juani, mimi ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, lakini familia imenichagua mimi nisome maisha yake kwa sababu, kama alivyosema mama, wengine wangelia na mimi ningekasirika, na mama anaona leo hasira itatufaa zaidi.

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Komeo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mama yetu aliyeketi hapa mbele na marehemu baba yetu, fundi wa kufuli, aliyekuwa na kibanda pembeni mwa soko, chenye meza moja, tupa ya kunolea na mkebe wa funguo zisizo na wenyewe. Jina la Komeo alilipata hapo kibandani, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno, alimpa mtoto kufuli bovu na waya, akaendelea na kazi yake, na mtoto hakuinuka mpaka kufuli lilie na kufunguka. Siku moja dada alinifungia mimi ndani ya banda la kuku, akanipitishia waya kwenye tundu ili nijifunze kutoka, nikashinda na kuku wale mchana kutwa mpaka baba aliporudi, na hapo ndipo familia ilipojua kwamba mimi nitakuwa fundi rangi.

Baba alikuwa na sharti moja, ambalo wazee wa hapa wanalikumbuka, kwamba hafungui mlango wa mtu bila mwenyewe kuwepo. Watu walimjia na kila kisa, huyu kapoteza funguo za shemeji yake, yule katumwa na mwenye nyumba aliye safarini, naye aliwajibu wote kwa upole uleule kwamba mwenye mlango awe karibu, kisha akarudi kwenye chai yake. Dada alilishika sharti hilo kuliko sisi wengine wote, na nawaomba mlishike nanyi, kwa sababu ndilo lililomponza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na sekondari kuanzia 1994 hadi 1997, akafaulu vizuri, hasa hesabu, na mwezi Januari 1999 akajiunga na chuo kidogo cha kompyuta, ambacho kilikuwa na mashine tatu, mbili zikiwa mbovu na ya tatu ikiwa ya mwalimu. Vitufe vya kuandikia walichorewa ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakabonyeza madaftari yao, na mwisho wa mwaka dada akawa wa kwanza darasani, akaja nyumbani na cheti akasema amepewa cheti cha kuogelea na hajalowa hata kidole.

Mwaka 2000 aliajiriwa katika duka la kutengeneza mashine za ofisini, na huko ndiko alikosoma kweli, kwa kufungua, kuharibu, kuunga na kuanza upya. Kompyuta tatu zilizotelekezwa na wenyewe alipewa na bosi wake, akazibeba hadi nyumbani, akaziunganisha kwa nyaya juu ya meza ya kulia, mama akapakua chakula kwa kuruka nyaya zile mwaka mzima. Aliandika programu kwenye mashine moja, akahamia kwenye nyingine, akajifanya mwizi, akaivunja ile aliyoiandika mwenyewe, na ilipovunjika alifurahi kuliko ilipofanya kazi, mpaka mama akauliza kama kuna ugonjwa wa namna hiyo upande wa baba.

Tarehe 4 Desemba 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, mtu wa maneno machache, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2006 na kijana mwaka 2010. Mwaka 2008, katika chumba cha nyuma ambacho shemeji alikijaza meza alizozitengeneza mwenyewe, dada alianzisha darasa la Jumamosi, bila ubao na bila chaki, kila mwanafunzi akiandika programu yake, kisha akimwachia mwenzake kiti, mwenzake akiivunja huku mwenye kazi amekaa ubavuni akiangalia pengo liko wapi, na aliyevunja ndiye aliyetakiwa kumsaidia kuziba. Aliyegusa mashine ya mwenzake wakati mwenyewe katoka nje kunywa maji alirudishwa kwao siku hiyohiyo, awe mtoto wa nani sijui, na baadhi yenu mlio hapa na kazi zenu nzuri mlirudishwa na mnajijua.

Tarehe 2 Februari 2011 aliajiriwa kama fundi wa kompyuta katika chuo kimoja kikubwa, ambacho sitakitaja kwa kuwa hamhitaji nikitaje. Mwezi Machi 2015, kwa kusoma tu programu ilivyoandikwa, aligundua kwamba katika mfumo wa matokeo wa chuo hicho, mwanafunzi aliyefungua ukurasa wake akibadilisha namba moja tu juu ya ukurasa, anafungua matokeo ya mwanafunzi mwingine, na akitaka anayabadilisha. Mkisema ni kosa dogo, basi na mlango usio na komeo ni kosa dogo. Hakumwambia mtu wa pembeni, hakujaribu akiwa peke yake, alikwenda kwa mkuu wa chuo, akamwomba akae karibu ndipo aonyeshe, na mkuu alivuta kiti, akaagiza chai, akakaa ubavuni mwake asubuhi nzima akimwambia jaribu na hili, jaribu na lile. Mwisho alimshukuru sana, akasema amwachie jambo hilo, naye akamwachia, na mkuu akalikalia.

Mwezi Novemba mwaka huohuo watu wasiojulikana walipita katika pengo lilelile wakabadilisha alama za wanafunzi wengi, ikawa aibu, wakaja wakaguzi, wakafukua kumbukumbu za nyuma, na jina la kwanza kukutwa limepita mlango ule likawa la dada yangu, asubuhi ile ya Machi. Aliwaeleza kwamba hakuwa peke yake, kwamba mwenye mlango alikuwepo, chai yake ilikuwa mezani, waende wamuulize. Wakamuuliza. Mkuu akajibu kwamba hakumbuki.

Hakusema dada ni mwongo, la hasha, angalau uongo una mahali pa kuushika, alisema tu kwamba hakumbuki, watu wanaoingia ofisini kwake ni wengi. Kwa kauli hiyo dada alilala mahabusu, akafukuzwa kazi tarehe 18 Machi 2016, akawa anapanda na kushuka ngazi za mahakama mpaka mwaka 2018, kesi ilipofutwa kwa kukosa ushahidi, jambo ambalo wengine walilipigia makofi kama ushindi, wakati aliyefutiwa kesi hajasafishwa jina. Kila alikoomba kazi walipiga simu chuoni kwanza. Wazazi waliowaleta watoto wao wenyewe kwenye darasa la Jumamosi walianza kuwatoa mmoja mmoja, wakisema lisemwalo lipo, na meza za shemeji zikabaki na wanafunzi wawili, binti yake na mtoto wa fundi viatu, ambaye baba yake alisema yeye anamjua Komeo tangu akiwa hana meno, akiwa mwizi basi na yeye ni rubani.

Darasa lile hakulifunga, wala sharti hakulibadilisha, ila aliongeza kipande, kwamba mwenye mlango awe karibu, na aandike kwamba yuko karibu. Nilimsikia akiwasomesha hivyo, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na mwaka 2022 figo zikaanza kushindwa kazi, akawa anakwenda kusafishwa damu kila wiki, na daktari ametueleza vizuri namna moja ilivyoleta nyingine, mimi sibishani na daktari, lakini nyumba nyingi nimezipaka rangi na najua ukuta unaanza kuoza wapi. Wodini hakuomba fidia wala kurudishiwa kazi, aliomba kitu kimoja, kwamba mtu yule aseme alikuwepo. Mwezi Februari mwaka huu mama alikwenda mwenyewe chuoni kwa fimbo yake, akapokelewa vizuri na mkuu, akaletewa chai, akaambiwa mama yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mama aliiacha chai ile palepale, akarudi kumwambia mgonjwa kwamba hakumkuta, na huo ndio uongo pekee ninaoujua wa mama yangu.

Dada yetu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, shemeji akiwa ameshika mkono wake. Jeneza mnaloliona amelitengeneza shemeji mwenyewe, kwa mbao alizokuwa amenunua za kuongezea meza za darasa enzi wanafunzi walipokuwa wengi, kwa hiyo tafadhali asijitokeze mtu wa kumwambia kwamba mbao ni nzuri, anajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumchoka hata alipoanza kuwauliza nani anaona mafaili ya wagonjwa, inawashukuru majirani waliopika, waliokesha na waliosafisha uwanja huu, inamshukuru fundi viatu na mwanawe, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa chuoni kwa shada la maua lenye maandishi yasemayo kwamba daima watamkumbuka.

Mkuu, nimekuona ukiingia, umekaribishwa, na hakuna atakayekugusa. Pale ubavuni mwa jeneza kuna kiti, wengi mlidhani kimesahauliwa, hakikusahauliwa, kinatoka darasani kwake, na mama ameomba nikifika hapa ninyamaze, ili mtu aliyekuwa amekaa karibu naye asubuhi ile aende akikalie. Hatuhitaji hotuba, akikaa inatosha, sote tutaelewa.

Maneno yanayofuata niliyaandika jana, nikaja na kalamu mfukoni nikimwomba Mungu niyakate. Sijayakata. Kiti kimebaki wazi, shemeji, tukitoka makaburini kirudishe kwenye chumba cha nyuma, binti anasema Jumamosi darasa lipo.

Pumzika kwa amani, Komeo. Sisi tuko karibu.